Faili limefaa, mwenye faili bado: akili mnemba katika kutafuta washiriki wa majaribio ya dawa

Mwaka 2024, katika mtandao wa hospitali za Mass General Brigham huko Boston, Marekani, watafiti waliwagawa wagonjwa 4,476 katika mafungu mawili kwa kura. Wote walikuwa wametolewa na kompyuta ya hospitali kama watu ambao huenda wakafaa kwa utafiti mmoja wa ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu. Mafaili ya fungu la kwanza yalisomwa na wafanyakazi wa utafiti kama ilivyozoeleka: mtu, kiti, kioo cha kompyuta na kurasa nyingi za maandishi ya madaktari. Mafaili ya fungu la pili yalipitiwa kwa msaada wa akili mnemba. Matokeo yalitoka mwaka 2025 katika jarida la JAMA. Upande wa mashine walipatikana wagonjwa 458 wanaofaa, upande wa watu 284. Walioingia kwenye utafiti wenyewe wakawa 35 kwa 19.

Ukiisoma habari hii kwa haraka unaona ushindi, maana 35 ni karibu mara mbili ya 19. Ni kweli. Lakini shika kalamu ugawanye. Watu 35 kati ya 458 ni chini kidogo ya asilimia 8. Watu 19 kati ya 284 ni chini kidogo ya asilimia 7. Mtu akishaonekana anafaa, uwezekano wa kuingia kwenye utafiti ulikuwa karibu uleule, awe amepatikana kwa mashine au kwa macho ya binadamu. Wengine hawakufikiwa ndani ya muda, wengine walikuwa na sababu zao. Akili mnemba iliharakisha hatua ya kumtafuta. Hatua iliyofuata, ya mtu kupokea simu, kusikiliza, kuuliza na kukubali, ilibaki ilivyokuwa.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu mada hii huelezwa kana kwamba ni kazi moja. Kumpata mtu kwenye faili ni kazi ya kwanza. Kumpata mtu mwenyewe ni kazi nyingine kabisa, na huku kwetu Afrika Mashariki ndiyo iliyokuwa ngumu tangu zamani.

Kwa nini kusoma faili ni kazi

Kila jaribio la kitabibu lina masharti: nani aingie, nani asiingie. Umri, aina na hatua ya ugonjwa, dawa anazotumia, hali ya figo na ini, ujauzito, upasuaji aliowahi kufanyiwa. Daftari la serikali ya Marekani la kusajili tafiti, ClinicalTrials.gov, lilifunguliwa mwaka 2000 na sasa lina tafiti zaidi ya 500,000, kila moja na masharti yake.

Sehemu ya masharti hayo hukaa kwenye visanduku vya kompyuta: tarehe ya kuzaliwa, jinsia, kipimo cha sukari. Hayo kompyuta ya kawaida imeyaweza miaka mingi. Shida ni yale yaliyomo kwenye maneno ya daktari. Daktari anaandika: "Akipanda ngazi za ghorofa moja lazima akae apumzike. Usiku analalia mito mitatu." Hakuna mahali alipotaja ugonjwa wa moyo wenye dalili, lakini muuguzi yeyote wa wodi ya moyo akisoma sentensi hizo anajua anachoambiwa. Faili jingine linasema: "Hana kisukari, mama yake mzazi anacho." Programu ya zamani inayowinda neno "kisukari" itamnasa mtu asiyehusika. La tatu linasema: "Alikuwa akitumia dawa hii, aliacha Januari." Kukanusha, kumtaja mtu mwingine na kusogeza wakati ni mambo ambayo binadamu huyaelewa bila kufikiri, na ndiyo yaliyokuwa yakiiangusha kompyuta.

Modeli kubwa za lugha, zile zilizo nyuma ya ChatGPT na wenzake, zimebadilisha hapo. Zimesoma maandishi mengi kiasi kwamba zinaweza kuifuata sentensi kwa maana yake. Mfumo wa Boston ulifanya kazi kama karani mzuri wa masijala. Maandishi ya mgonjwa yalikatwa vipande vipande, likija swali, mfano "je, ana dalili za moyo kushindwa?", mfumo ulivuta vipande vinavyolihusu, ukaiwekea modeli ya GPT-4 mezani, na modeli ikajibu kwa kuvitazama hivyo tu. Kwa namna hii modeli haijibu kutoka kichwani. Inajibu kutoka kwenye karatasi iliyopewa.

Kabla ya kuupeleka mfumo kwenye kazi halisi, watafiti waliupima dhidi ya majibu ya daktari bingwa, na matokeo wakayachapisha mwaka 2024. Kwenye swali la dalili za moyo kushindwa, mfumo ulipatia asilimia 97.9, wafanyakazi wa utafiti walipatia asilimia 91.7. Gharama ilikuwa kama senti 11 za dola kwa mgonjwa mmoja. Tofauti hiyo isitushangaze wala isiwavunjie heshima wale wafanyakazi. Faili la arobaini la siku halisomwi kwa jicho lililosoma faili la kwanza.

Kazi hiyo inaweza pia kugeuzwa. Badala ya kuanza na utafiti na kumtafuta mgonjwa, unaanza na mgonjwa na kuutafuta utafiti. Ndivyo ulivyo mfumo wa TrialGPT, uliotengenezwa katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na kuelezwa katika jarida la Nature Communications Novemba 2024. Unapewa muhtasari wa mgonjwa, unachuja maelfu ya tafiti hadi zibaki chache, kisha unapita sharti kwa sharti ukieleza kwa maneno kwa nini mgonjwa huyu analitimiza au halitimizi. Hukumu zake kwa kila sharti zilikuwa sahihi kwa asilimia 87.3, karibu sawa na wataalamu, na madaktari walioutumia waliokoa asilimia 42.6 ya muda wa kuchuja.

Asilimia 87.3 inasikika vizuri hadi uigeuze: hukumu moja kati ya takriban kila nane ina kasoro, na utafiti mmoja unaweza kuwa na masharti ishirini. Kwa hiyo mtu hana budi kukaa mwishoni mwa mstari akikagua.

Na hapa kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Mashine hukosea kwa njia mbili, na njia hizo hazina uzito sawa. Ikimkubali asiyefaa, kosa litaonekana: muuguzi atalifungua faili, ataona sharti lililovunjwa, atamwondoa. Dakika kumi zimepotea. Ikimkataa anayefaa, hakuna atakayefungua faili lake. Hatapigiwa simu, hatajua kwamba alikataliwa, na mtafiti naye hatajua alichokosa. Kosa la aina hiyo halina sauti. Hospitali inayotaka kuutumia mfumo kama huu kwa haki inapaswa kuchukua kila mwezi mafaili kadhaa yaliyokataliwa, bila kuchagua, na kuyasoma kwa macho. Ni kazi ya kuchosha isiyoleta sifa, na ndiyo hasa huachwa bajeti ikibana.

Masharti yenyewe yametoka wapi?

Mwaka 2021 kundi la James Zou wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na watafiti wa kampuni ya Genentech, lilichapisha katika jarida la Nature kazi ambayo kwangu ina thamani kuliko kasi yote ya kusoma mafaili. Walichukua kumbukumbu za wagonjwa 61,094 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, wakairudia kwenye kompyuta mifano ya majaribio yaliyokwisha kufanyika, wakilegeza sharti moja baada ya jingine. Waliona kwamba masharti mengi, hasa viwango fulani vya vipimo vya maabara, hayakubadilisha matokeo ya dawa kwa kiasi cha maana. Kwa kuyalegeza yale yasiyo na kazi, idadi ya wagonjwa wanaofaa ingeongezeka zaidi ya maradufu kwa wastani.

Maana yake ni kwamba watu wengi walikuwa wakirudishwa mlangoni kwa sharti lililorithiwa. Utafiti wa leo hunakili masharti ya utafiti wa jana, na wa jana ulinakili wa juzi, na hakuna aliyeuliza.

Jambo hili linatugusa moja kwa moja. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya damu vya watu wazima wenye afya zaidi ya 2,000 kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Kilifi na Nairobi zilikuwa miongoni mwa maeneo hayo. Ilionekana kwamba viwango vya kawaida vya watu hawa, kama himoglobini na aina fulani ya chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili, viko chini ya viwango vinavyohesabiwa kuwa vya kawaida Marekani. Mtu mwenye afya kabisa, anayelima na kuvua samaki bila shida, akipimwa kwa rula ya Marekani anaonekana ana kasoro na hafai kwa utafiti.

Sasa iweke akili mnemba mbele ya sharti la namna hiyo. Italisoma kwa uaminifu, italitekeleza kwa haraka, itawakataa watu wa Kilifi mmoja baada ya mwingine bila kuchoka na bila kusitasita. Muuguzi wa pale angeweza kuinua kichwa akasema, "Mbona tunawakataa karibu wote?" Mashine haiulizi swali hilo isipokuwa iwe imeagizwa kuuliza.

Asiye na faili

Mifumo yote niliyoitaja inakula chakula kimoja: kumbukumbu za kielektroniki. Tanzania, zahanati nyingi bado zinaandika kwenye vitabu vya MTUHA, yaani madaftari ya serikali ya taarifa za huduma za afya. Mgonjwa wa nje mara nyingi anatembea na historia yake mwenyewe, iwe kadi ya kliniki au daftari dogo la mazoezi alilolinunua dukani nje ya geti la hospitali. Daftari likilowa mvua, historia imekwenda. Huduma za VVU ndizo zilizotangulia, kwa kuwa taarifa za kadi za CTC, yaani kliniki za huduma na matibabu ya VVU, zimekuwa zikiingizwa kwenye kompyuta kwa miaka mingi.

Mashine ikiachiwa kutafuta washiriki katika hali hiyo itawapata wenye faili: wa hospitali kubwa, wa mjini, wa kliniki zenye ufadhili. Mwanamke wa Kilwa mwenye shinikizo la damu ambaye vipimo vyake viko ndani ya daftari chini ya godoro, kwa mashine hajazaliwa.

Marekani wenyewe wameonja hatari ya data inayosema nusu. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba programu iliyotumika kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada ilikuwa ikipima ukubwa wa ugonjwa kwa kuangalia fedha zilizotumika kumtibu mtu. Watu weusi walikuwa wakitumiwa fedha kidogo zaidi hata wakiwa wagonjwa zaidi, hivyo programu ikawahesabu kuwa wazima kiasi. Kasoro hiyo ikirekebishwa, sehemu ya watu weusi miongoni mwa waliochaguliwa ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Rangi ya mtu haikuandikwa popote ndani ya programu. Ilitosha kwamba data yenyewe ilikuwa imebeba dhuluma ya zamani.

Sisemi haya ili tuonekane tumeachwa nyuma. Ukanda huu umefanya majaribio makubwa kuliko mengi ya huko, bila hizo mashine. Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza mwaka 2009, liliandikisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya zilikuwamo. Chanjo ya pili, R21, nayo ilipita Bagamoyo na Kilifi kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza Oktoba 2023. Hata matibabu mafupi ya kifua kikuu ambayo dunia inayatumia yalijaribiwa katika Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1970.

Walipatikana vipi watu hao? Kwa miguu. Kilifi, tangu mwaka 2000, kuna sensa ya kudumu ya eneo la utafiti: wahudumu wanapita nyumba kwa nyumba, wanaandika aliyezaliwa, aliyekufa, aliyehamia, na orodha hiyo imeunganishwa na hospitali ya kaunti. Mtoto akilazwa, anajulikana ni wa boma gani. Akili mnemba ikiwekwa juu ya msingi wa namna hiyo ina cha kushika, kwa kuwa msingi umewahesabu hata wasiofika hospitali.

Mumiani hasomwi kwenye faili

Wazee wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam wanalijua neno mumiani. Tangu enzi za ukoloni watu walisimuliana habari za wanyonya damu wanaowavizia watu usiku na kwenda kuiuza damu yao. Aliyecheka masimulizi hayo hakuyaelewa. Palikuwa na serikali isiyoulizwa, palikuwa na wageni wenye magari, na palikuwa na sindano. Watu walitafuta jina la kitu walichokiona.

Watafiti walipofika pwani ya Kenya na kuanza kuomba damu za watoto, maneno hayo yakarudi na mengine mapya, hadi ya kuabudu shetani. Kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la hisani la Uingereza, kilichoanza Kilifi mwaka 1989, kililazimika kujifunza. Kikajenga mtandao wa wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wenzao, kikaajiri vijana wa palepale wanaozungumza Kigiriama, kikafanya mikutano chini ya miembe. Kiasi cha damu kikaanza kuelezwa kwa vijiko vya chai, maana mama anakijua kijiko, mililita hazijui.

Hata hivyo tafiti zilizofanywa hapohapo kuhusu ridhaa zilionyesha kwamba wazazi wengi walipata tabu kutofautisha utafiti na matibabu. Mama ameleta mtoto mgonjwa, amepokewa vizuri, daktari ni hodari, dawa zipo. Anaambiwa "tunaomba ushiriki", anasikia "tunakutibia". Anatia saini kwa shukrani, na shukrani haiwi ridhaa.

Hiki ndicho kipande ambacho mashine ya kuchagua haikigusi, na inaweza hata kukiharibu. Fikiria umekaa nyumbani, simu inalia, mtu usiyemjua anakuambia: tunajua una ugonjwa huu, tunajua dawa unazotumia, tungependa uje. Amejuaje? Akisema "kompyuta imesoma faili lako", kwa mtu aliyekulia kwenye masimulizi ya mumiani hajasema kitu cha kumtuliza. Ndiyo maana naamini simu ya kwanza itoke kwa mtu anayefahamika: muuguzi wa kliniki yake, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayemjua kwa jina.

"Mambo?"

Mtu akishaingia, lazima abaki. Jaribio linalopoteza theluthi ya washiriki wake katikati ya njia haliwezi kuamua lolote, hata kama dawa ni nzuri. Hapa pana mfano wa nyumbani ambao dunia nzima ya afya inaujua, na hauna akili mnemba hata chembe.

Kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 538 wanaoanza dawa za kufubaza VVU katika kliniki tatu za Kenya, Nairobi na Kajiado, waligawanywa kwa kura. Nusu waliendelea na huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipata ujumbe mfupi wa simu kila wiki. Ujumbe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya siku mbili, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi.

Baada ya mwaka, waliosema wanameza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwa waliopata ujumbe, dhidi ya 50 kwa wengine. Waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Jarida la Lancet lilichapisha matokeo hayo mwaka 2010.

Lichunguze neno hilo. "Mambo?" halitaji dawa, halitaji ugonjwa, halitaji hospitali. Simu ikiwa mikononi mwa mume, shemeji au mtoto, hakuna siri iliyotoka. Ni salamu ambayo rafiki yeyote angeituma. Wala halimkumbushi mtu kumeza kidonge kama mtoto wa shule, linamuuliza hali. Na nyuma ya neno kulikuwa na muuguzi ambaye kweli atapiga. Ukiondoa muuguzi, imebaki kengele.

Hapa naona nafasi halali ya akili mnemba. Wagonjwa wakiwa mia mbili muuguzi anaweza kusoma majibu yote. Wakiwa laki mbili hawezi. Shirika la Jacaranda Health nchini Kenya lina huduma ya ujumbe mfupi iitwayo PROMPTS kwa wajawazito na waliojifungua. Maswali yanapoingia, mashine inayapanga kwa uzito, na yale yenye dalili za hatari yanapelekwa kwa watu. Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa modeli ya lugha iliyofundishwa Kiswahili, UlizaLlama.

Kwa nini Kiswahili kifundishwe makusudi? Chukua ujumbe huu wa mjamzito: "mtoto hachezi tangu jana". Mwanamke yeyote wa huku anajua hiyo ni dharura, maana mtoto tumboni "kucheza" ndiko kujongea kwake. Mashine iliyolelewa kwa Kiingereza, ikitafsiri neno kwa neno, itaona mtoto aliyegoma kushika mpira. Ongeza "cjui" na "xaxa" za ujumbe wa vijana, ongeza Sheng, ongeza mwanamke wa Bukavu, Kongo, anayechanganya Kifaransa katikati, uone kazi iliyopo.

Yako matumizi mengine yanayonipa wasiwasi kidogo. Huko Marekani ilijaribiwa programu ya simu ya kampuni ya AiCure inayomtazama mtu kupitia kamera na kuthibitisha kwamba amemeza kidonge. Katika utafiti mdogo wa wagonjwa 75 wa skizofrenia, ugonjwa wa akili, uliochapishwa mwaka 2017, umezaji wa dawa uliopimwa kwa damu ulikuwa asilimia 89.7 dhidi ya 71.9 kwa njia ya kawaida ya kuangaliwa. Uganda nako watafiti wamefundisha kompyuta kutambua video za wagonjwa wa kifua kikuu wakimeza dawa, ili wahudumu wasizitazame zote moja moja. Kwa kifua kikuu naiona faida: mgonjwa hasafiri kila siku kwenda kituoni ili aonekane akimeza. Lakini kumtazama mtu ni tofauti na kumuuliza hali, na mradi ukishapata kamera ni rahisi kusahau kumwajiri muuguzi.

Maneno ya fomu

Wako wanaopendekeza modeli za lugha zitumike kurahisisha fomu za ridhaa, au kumjibu mshiriki maswali kwa lugha yake saa yoyote. Fomu nyingi ni ndefu na ngumu, kwa hiyo msaada unahitajika. Ila tuangalie maneno. Kupangwa kwenye kundi bila kuchaguliwa na mtu, tafsiri ya kawaida husema "kwa bahati nasibu". Kwa msomaji wa mtaani, bahati nasibu ni mchezo wenye mshindi. Akipangwa kundi la dawa ya zamani ataona ameshindwa, na huenda akaacha kuja. Muuguzi mzoefu husema, "Ni kama kurusha shilingi, si mimi wala daktari anayechagua." Tofauti hiyo haiko kwenye kamusi, na mashine haitaijua mpaka wauguzi waliokaa na washiriki wakae pia na wanaoitengeneza.

Sheria zipo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomwathiri kwa uzito. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 2023. Juu ya hizo kuna kamati za maadili ya utafiti. Tanzania, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hupitia maadili ya utafiti, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, huidhinisha majaribio ya dawa.

Kwa hiyo ukipigiwa simu kuombwa ushiriki, una haki ya kuuliza. Jina langu mmelipata wapi? Ni mtu au kompyuta aliyesoma faili langu, na baada ya kompyuta ni nani alilikagua? Maandishi yangu yamehifadhiwa nchini au yametumwa kwenye kompyuta za kampuni ya nje? Nikikataa, matibabu yangu ya kawaida yanabaki vilevile? Nikikubali leo nikaghairi mwezi ujao, itakuwaje? Nikituma ujumbe saa nane usiku kwamba najisikia vibaya, ni nani atakayepiga?

Mtafiti aliyejiandaa atajibu yote hayo bila kukasirika. Na fomu ya ridhaa, karibu na mwisho, huwa na namba ya simu ya kamati ya maadili, ambayo haiko chini ya mtafiti huyo. Unaweza kuipiga kabla ya kutia saini.